Nambari Yenye Haigawanyike

Banasema mwalimu Phinées alikuwa mushujaa. Mimi Godelive sisemi hivyo. Nilikuwa jirani yake hapa Mususa, na niko na haki ya kukasirika.

Alikuwa mutu mukali wa hesabu. Hakumupa mwanafunzi hata nusu ya point ya bure. Na alipenda nambari moja kuliko bibi yake: 999983. Aliigawanya kwa nambari zingine zenye hazigawanyike, kwa 2, kwa 3, kwa 5, mupaka kwa 997, mara mia moja makumi sita na munane, na kila mara kitu kinabaki. "Mama Godelive, hii hapana kitu kinaiweza, ni moja tu na yenyewe!" Nikamuuliza: "Na inapika mboga ya sombe?"

Mwaka wa 2000, Maï-Maï, bapiganaji ba pori, balipiga basoda kwa barabara. Kesho yake basoda bakaingia avenue yetu na hasira. Balichoma nyumba tatu, bakamuvunja mzee Kamate meno na kitako cha bunduki, bakatukusanya batu tisa mu parcelle ya nyumba ya Phinées. Njo bakakuta kaye yake, daftari yenye alijaza hesabu za ile nambari.

"Hizi ni fréquence za redio ya Maï-Maï!" komanda akasema. Bakamuponda vidole na nyundo, kimoja kimoja.

"Afande, ni nambari tu," alilia. "Ni nambari yenye haigawanyike."

Komanda akacheka. "Ah bon? Muko tisa. Gawanya kwa tisa. Yenye itabaki, njo hesabu ya benye batakufa leo."

Phinées alifunga macho. Alijua jibu tangu zamani.

"Haibaki kitu, afande. Sifuri."

Mungu wangu, yule mutu akadanganya! Bwana yangu Kakule akanikamata mukono kwa nguvu, na mimi mujinga nikaanza kushukuru Mungu.

Lakini musoda moja akatoka mbele. Alikuwa Lévi, mwenye Phinées alifundisha mu sixième primaire, darasa ya sita. Akasimama kifua mbele, sawa mwanafunzi iko kwa ubao.

"Afande, anadanganya! Alitufundisha preuve par neuf: kujua yenye inabaki kwa tisa, tunajumlisha: tisa, tisa, tisa, tisa, nane, tatu, ni makumi ine na saba. Ine na saba, kumi na moja. Moja na moja, mbili. Inabaki mbili!"

Phinées alimuangalia sana.

"Sawa kabisa, Lévi," akasema.

Balimupiga Phinées risasi ya kichwa palepale. Wa pili balimuchagua Kakule wangu. Yeye, balimukata na panga, na mimi nilikuwa ningali namushika mukono. Nambari ziko nyingi mu dunia, Phinées! Kwa nini ulipenda yenye kubakisha?

Juzi Jemima, mutoto mwenye Kakule aliniachia mu tumbo, alirudi kutoka masomo anaimba preuve par neuf. Nilimupiga kofi, kaye ikaanguka. Kisha nikajuta, nikaiokota, nikaandika: 999983.

"Nifanyie hii."

Alijumlisha na machozi kwa mashavu. "Mama, inabaki mbili."

"Sawa kabisa," nikamuambia.