Siku Tatu Korongoni

Kazini walimwita Mama Barafu, ingawa hakuwahi kuuza barafu maishani mwake. Alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo. Zahanati za mbali zilimjua kwa miaka kumi na sita: anaingia, anaweka sanduku lake jekundu la vifaa chini, anasikiliza jokofu kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha anataja ugonjwa kabla hajashika bisibisi. Si mtu wa maneno mengi. Naye ndiye aliyepangiwa dereva ambaye ni mume wa mdogo wake, mtu aliyebandikwa jina la Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzima.

Siku hiyo walikuwa wanarudi kutoka zahanati ya mwisho. Chanjo zilikwisha shushwa. Nyuma ya gari yalibaki makasha matupu ya baridi na pakiti zake za barafu, zile chupa bapa za plastiki zinazojazwa maji na kugandishwa. Redio alikuwa katikati ya kisa cha bwana harusi aliyekosea ukumbi akala chakula cha harusi ya watu, mara ukingo wa barabara ukamegeka. Gari likainama upande wa dereva polepole, kama linataka kulala, halafu likaporomoka.

Lilipotulia, lilikuwa limelala ubavu chini ya korongo kavu, na Mama Barafu ananing'inia kwenye mkanda juu ya shemeji yake.

"Shemeji, mzima?"

"Mguu," alisema Redio. "Mguu siusikii."

Ulikuwa umebanwa kati ya kiti na bati la mbele lililojikunja. Mama Barafu alipanda akatokea dirisha la juu, akatazama huku na huku. Mbele, njia imezibwa na gogo na mawe makubwa yaliyoletwa na mafuriko ya zamani. Nyuma, ukuta wa mwamba. Pembeni, kuta za udongo zenye kimo cha watu watatu. Alijaribu kukwea mara nne. Kila aliposhika, udongo ulimegeka mkononi, akarudi chini na mchanga mdomoni. Simu haikushika mtandao. Barabara ile juu ilipitiwa na gari moja kwa wiki, na gari la wiki hii ndilo lilikuwa limelala hapa.

Alikaa juu ya gari akahisi kuta zile zinasogea. Zilikuwa hazisogei, alijua. Hata hivyo alizipima kwa macho mara mbili.

Kisha akafuata jeki.

Aliibana kati ya kiti na bati, akaizungusha kidogo kidogo. Redio alipiga mayowe, akamtukana shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu aoe kwao, akaomba radhi, akatukana tena. Bati lilipoinuka vidole vitatu, Mama Barafu alimshika kwapani akamvuta. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Aliuviringishia sponji ya kufunikia mabomba, akaweka spana ndefu huku na huku, akafunga kwa utepe wa umeme. Halafu akamburuta hadi kivulini.

Chupa yao ya maji ilikuwa imepasuka. Redio alinyoosha kidole kwenye injini.

"Rejeta imejaa, shemeji."

"Ile ina dawa ya kupozea. Ukinywa, figo kwaheri."

"Sasa tutakunywa nini?"

Alikwenda nyuma akarudi na pakiti za barafu zilizokwisha yeyuka. Kumi na moja zilikuwa nzima. Alizijaza mwenyewe juzi, kwenye bomba la ghala, kwa hiyo alijua kilichomo ni maji matupu. Aliamua: mbili kila mmoja kwa siku, kwa mafunda madogo.

"Yana ladha ya ndoo mpya," alisema Redio.

"Kunywa, wewe."

Asubuhi ya pili alichoma tairi la akiba kwa tochi ya gesi, ile anayolehemea mabomba ya shaba. Moshi mweusi ulipanda wima. Aliutazama mpaka shingo ikakakamaa. Hakuja mtu. Mchana jua lilisimama juu ya korongo, kuta zikatoa joto kama tanuri, akawa anatembea kando ya gari, hatua thelathini na nne kwenda, hatua thelathini na nne kurudi, hadi Redio akamsihi akae.

"Unanitia kizunguzungu. Kwani unakwenda wapi?"

Aliketi akalia, na Redio, ambaye ana neno kwa kila jambo, akamshika mkono tu.

Siku ya tatu Redio aliamka na homa. Hakusimulia chochote. Kimya chake kilimtisha Mama Barafu kuliko kiu. Halafu, kule korongo linakotokea, akaona mawingu mazito. Mvua ikinyesha huko, maji yangeshuka hapa bila kubisha hodi. Akafungua matairi mawili ya upande wa juu, akayachoma yote kwa pamoja.

Jua lilikuwa halijafika utosini aliposikia sauti ya mtu juu, imejaa hasira.

"Nani anachoma matairi huko? Mnanifukuzia nyuki!"

Alikuwa mrina asali, mzee mwembamba mwenye kamba begani, amekuja kugombana. Alichungulia, akaona gari, akaona watu.

"Eeh!" alisema. "Samahanini."

"Baba, tupa kamba!" Mama Barafu alipiga kelele. "Ugomvi tutaumaliza juu."

Mzee aliifunga kamba kwenye shina la mti, akawatupia ncha yake. Mama Barafu alimfunga Redio mgongoni mwake kwa mikanda ya gari, mzee akavuta, yeye akakanyaga udongo uleule uliomtupa chini. Waliteleza mara mbili. Mara ya tatu akashika mzizi, kisha nyasi, kisha mkono wa mzee. Walikuwa kwenye kibanda chake, mwendo wa saa nzima kutoka hapo, waliposikia korongo linanguruma kwa maji.

Mguu wa Redio ulipona ukiwa mfupi kidogo. Sasa ni mlinzi wa lango la ghala, na hakuna anayepita bila kusimuliwa. Katika masimulizi yake shemeji alimbeba kilomita kumi. Mama Barafu hamsahihishi.

Yeye alirudi kazini baada ya miezi miwili. Anasafiri kama zamani. Isipokuwa kile chumba kikubwa cha baridi cha ghalani: akiingia kukagua mashine, anaweka tofali mlangoni usijifunge. Msimamizi hulalamika kwamba baridi inatoka.

"Itoke," humjibu, akaendelea na kazi.