Mchi Mkononi mwa Mama Mkwe

Kuna siku moja imekataa kunitoka, mwanangu, na wewe unayeuguza nyumbani kwako nataka uisikie. Nilikuwa mke mchanga hapa kambini Nakivale, miaka michache tu tangu tuikimbie Kivu ya Kusini. Mama mkwe wangu, Mama Furaha, alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, mchi ukamponyoka. Alipoinama kuuokota akaanguka. Tulipomwinua mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono wa kuume umelala, na maneno hayatoki.

Tulimpeleka hospitali Mbarara. Daktari alinieleza taratibu kwamba damu ilipungua kwenye sehemu ya ubongo, seli za pale zikafa. Lakini ubongo, alisema, haukati tamaa upesi: hujaribu kuotesha seli nyingine na kufungua njia mpya. Akaongeza kwamba kwa wanyama wa maabara homoni ya kike imeonekana kusaidia kazi hiyo, na mama alikuwa ameshakoma hedhi, kwa hiyo ya kwake ilikuwa imepungua sana. Nami, usinicheke, nikauliza inauzwa duka gani pale mjini. Daktari alikunja uso.

"Hiyo usijaribu, mama. Inaweza kugandisha damu, apate ugonjwa ingine. Dawa yake ni hii: hiyo mkono mupatie kazi kila siku. Na mumuache aongee, hata kama anachelewa."

Tulirudi na maneno hayo, yakatushinda. Unajua sisi tunavyomheshimu mgonjwa, tena akiwa mama mkwe. Akina mama wa kanisa walipanga zamu: huyu anamlisha, yule anamwogesha, mwingine anamjibia wageni. Kila alipokionyesha kinu kwa mkono wake mzima, tulimsogezea mto. Nilipomkumbusha mume wangu maneno ya daktari, alisema watu watatusema kwamba tunamtwangisha mama aliyepooza. Nikarudi kwenye zamu yangu, maana na mimi nilipenda kusifiwa kuwa mkwe mwema. Hata leo inaniuma.

Msimu mzima wa mvua ulipita hivyo. Asubuhi moja mgeni alimsalimu, nami nikafungua kinywa kumjibia kama kawaida. Mama akanishika mkono, akahangaika na ulimi wake mpaka jasho likamtoka.

"Muko munanizika," alisema, neno kwa neno. "Na niko muzima."

Siku hiyo hiyo nilimwekea mchi kwenye mkono uliolala, nikaufunika kwa wangu, tukatwanga pamoja. Vidole vilikuwa vimeshakakamaa. Baadaye sana viwili vilianza kushika, na akaweza kuniita kwa jina langu. Kisha ugonjwa ukarudi ukamchukua. Sijui angefika wapi kama tungeanza mapema, na hakuna wa kunijibu.

Mwanangu, mgonjwa wako mlishe anaposhindwa, lakini kazi anayoiweza usimnyang'anye. Mpe kijiko, hata akiumwaga uji. Usimnunulie dawa uliyoisikia njiani bila kumuuliza daktari. Na maneno ya majirani usiyaweke mbele ya uhai wa mtu wako. Mungu akupe moyo wa kungoja neno linalochelewa, na siku ulimi wako utakapokuwa mzito, akupe mtu wa kukungoja.