Pasi Mbili za Prinsipo

Mwanangu, kuna safari moja ya kutoka Makambako kwenda Njombe ambayo siwezi kuisahau, ingawa barabara ile nimeipita mara nyingi hata sina hesabu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na ushee, bibi shamba wa kijiji kimoja nje ya Makambako. Mkobani nilikuwa na barua niliyoamini kwamba ni nusu ya nafasi yangu ya kwenda chuo kikuu. Nusu ya pili nilikuwa naifuata Njombe.

Nakusimulia haya kwa sababu jana, baada ya ibada, nilikuona wewe na wenzako mmeinamia simu mkisoma habari za kuomba vyuo. Nikakuuliza kama mnaelewa mnachokisoma. Ukasema, "Tunaelewa, bibi." Lakini uso wako niliuona, na ninaujua uso ule. Niliwahi kuwa nao mimi.

Wakati ule nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, kisha nikaenda chuo cha kilimo nikapata cheti, halafu baada ya kufanya kazi kidogo nikaenda chuo kingine nikapata stashahada. Kidato cha tano na cha sita sikuvipita. Wala sikuona kama nimepungukiwa, maana kijijini nilikuwa mtu wa maana. Watu walinisimamisha njiani kuniuliza habari za mbegu, za mbolea, za ng'ombe anayekohoa, hata za barua walizoandikiwa na watoto wao. Nilizoea kuwa mtu wa kuulizwa. Hilo lishike, nitalirudia.

Sasa, msimu mmoja viazi vikaanza kunyauka. Alikuwapo mama mmoja mjane, Mama Enesia, mwenye shamba kwenye mteremko unaotazama msitu wa misindano. Alinifuata asubuhi ameshika shina la kiazi lililolegea kama mboga iliyochemshwa. Akanisalimu, kamwene, tukasalimiana, kisha akaniuliza, "Bibi shamba, hiki ni nini, na nifanye nini?" Nilijua jina la ugonjwa. La kufanya sikulijua vizuri. Nilimwambia ang'oe miche iliyougua na asubiri, nami nitauliza wilayani. Wilayani nao wakasema tungoje wataalamu. Tulipokuwa tunangoja, shamba lote likaisha. Mama Enesia hakunilaumu hata kidogo, na ndiyo maana niliumia zaidi. Nikaamua kwamba lazima nikasome shahada, nirudi nikiwa na jibu.

Haukupita muda mrefu, nikakuta tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kilimo. Chuo kikuu kimoja kilikuwa kinapokea maombi ya shahada ya kilimo. Lilikuwa la Kiingereza, nami nikanakili mstari wa masharti kwenye karatasi. Kwa maneno tunayoyatumia sisi, ulisema hivi: mwombaji awe na prinsipo pasi mbili, au sifa linganishi.

Usicheke bado. Kwenye vyuo nilivyosoma mimi, mkuu wa chuo tulimwita Prinsipo. Na mwanachuo aliyetaka kutoka nje ya geti, kwenda hospitali au kwenye msiba, ilibidi aende ofisini kwa Prinsipo aandikiwe pasi, karatasi ndogo yenye mhuri. Bila pasi, mlinzi hakufungulii. Kwa hiyo niliposoma prinsipo pasi mbili, akili yangu haikuhangaika hata dakika moja. Nimesoma vyuo viwili, nina maprinsipo wawili, basi kila mmoja aniandikie pasi yake. Nikaona kama tangazo limeandikwa kwa ajili yangu. Hayo maneno ya mwisho, sifa linganishi, niliyaona magumu, nikadhani ni ya watu waliosoma nchi za nje, nikayaacha.

Pale ofisini kulikuwa na watu watatu wenye shahada. Mmoja alikaa meza ya jirani na ubao wenyewe. Ningemgeukia tu. Sikumgeukia.

Nikaomba ruhusa kazini, nikasafiri mpaka chuo changu cha kwanza, mbali, safari ya kulala njiani. Nikamkuta Prinsipo mgeni ambaye hakunifundisha. Nilipomwambia nimekuja kuomba pasi ya kwenda chuo kikuu, alinitazama, akadhani nataka barua ya kunitambulisha, akaandika kwamba nilisoma pale na tabia yangu ilikuwa njema. Akagonga mhuri. Nikatoka nimeikumbatia barua ile kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Mwanangu, nakwambia nilikuwa na furaha.

Prinsipo wa chuo changu cha pili alikuwa amestaafu. Nikaambiwa anaishi Njombe, pembeni ya mji, amepanda parachichi. Ndiyo hiyo safari niliyokutajia. Nilifika kwake ukungu haujaondoka, baridi ile ya Njombe ya mwezi wa sita inayokufanya usihisi vidole. Mke wake alinipokea, akanikalisha karibu na moto, akaniletea chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, ndipo mzee akaingia kutoka shambani na buti zake za matope.

"Shikamoo, Mkuu," nikamwambia nikiwa nimepiga goti.

"Marahaba, binti yangu. Nakukumbuka. Ulikuwa unakaa mbele, hukuuliza swali hata moja miaka miwili."

Tukazungumza habari za nyumbani na za mvua. Kisha nikamweleza nilichokifuata. Nikampa barua ya Prinsipo wa kwanza aione, ili ajue ya kwake iandikweje. Akaisoma polepole. Akaomba ile karatasi niliyonakilia tangazo, akaisoma nayo, akaiweka gotini. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Mke wake alitaka kutabasamu, mzee akamtazama tu, akaacha.

Akaniuliza nilimwuliza nani maana ya maneno haya. Nikajibu kwamba sikumwuliza mtu. Akataka kujua kwa nini. Nikasema kweli yangu. "Niliona aibu, Mkuu. Mimi ndiye watu wanayemwuliza."

Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba prinsipo pasi si karatasi wala si ruhusa ya mtu yeyote. Ni somo ambalo mwanafunzi wa kidato cha sita amelifaulu kwa kiwango cha juu, kile kinachohesabiwa kwa kuingia chuo kikuu. Lipo na lile la kufaulu kidogo, wanaliita sabsidiari, ambalo haliwezi kusimama badala yake. Anayeombwa prinsipo pasi mbili anaombwa masomo mawili ya namna hiyo.

Nilielewa mara moja, na nilivyoelewa ndivyo nilivyovunjika. Mimi kidato cha sita sikukifikia. Nikamwona Mama Enesia na lile shina lake mkononi. Nikaanza kulia pale pale mbele ya moto, na barua yangu yenye mhuri mapajani, haina kazi.

Mzee akaniacha nilie. Mke wake akaniongezea chai. Kisha akanirudishia karatasi yangu, akaweka kidole chake chenye udongo katikati ya mstari.

"Soma hapa."

Nikasoma, "Au."

"Kwa Kiingereza lina herufi mbili, kwa Kiswahili herufi mbili. Binti yangu, umekwama kwenye neno kubwa, ukaruka neno dogo lililokuwa limekushikia mlango."

Akanifafanulia kwamba sifa linganishi ni elimu nyingine inayokubaliwa kuwa sawa na ile ya kidato cha sita. Stashahada yangu, kwa wastani niliopata, ndiyo yenyewe. Sikuhitaji pasi ya mtu. Nilihitaji nakala ya matokeo yangu, vyeti vyangu, na kuyapeleka maombi kwa wakati. Sifa nilikuwa nazo tangu siku ile nilipokuwa nimesimama mbele ya ubao.

Akasema na jambo lingine, nalo lilikuwa ni kunikemea, ingawa sauti hakuipandisha. Alisema mkulima anayekuja kukuuliza hajioni mjinga, anajiona ana shamba la kuokoa. "Na wewe ulikuwa na shamba la kuokoa. Aibu umeitoa wapi?" Kisha akaongeza kwamba hata yeye ana sehemu yake, kwa kuwa alinifundisha miaka miwili na kuona utulivu wangu ni uelewa.

Ningependa kukwambia kwamba niliwahi. Sikuwahi. Siku nilizozimaliza kuhangaikia pasi ndizo zilizokuwa siku za kutafuta nakala ya matokeo, na ilipofika kutoka chuoni, maombi yalikuwa yamefungwa. Mwaka ule vijana wengine walikwenda, mimi nikabaki na viazi vinavyonyauka. Niliona haya hata kurudi Njombe kumwambia mzee.

Lakini nilirudi, na hapo ndipo mambo yangu yalipoanza kunyooka. Hakunipa pole nyingi. Alitoa kitabu cha mwongozo wa chuo alichokipata kwa mwanawe, na kila nilipopata Jumamosi nikawa nakwenda Njombe, tunakaa jikoni, tunasoma neno kwa neno. Nilijifunza kwamba udahili ni kupokelewa chuoni, na kwamba kutimiza sifa za chini si sawa na kupata nafasi. Sifa za chini zinakuruhusu kuingia kwenye foleni tu. Waliotimiza wakizidi nafasi zilizopo, wanachukuliwa wenye ufaulu mzuri zaidi. Huo ndio ushindani. Nilijifunza kwamba kuahirisha masomo si kuacha masomo, mradi uombe na ukubaliwe. Mengine yalituchekesha. Mke wa mzee, ambaye alisoma darasa la nne, mwishoni alikuwa ananihoji yeye huku anachambua mboga.

Mwaka uliofuata niliomba mapema, nikapokelewa. Barua ilisema nimepata udahili wa masharti.

Nikafika chuoni siku ya kujiandikisha. Mwanangu, ile foleni! Vijana waliotoka moja kwa moja kidato cha sita, wadogo kuliko mimi, wanazungumza kwa kujiamini, na mimi katikati yao na sweta langu la Makambako. Nilipofika mezani, karani aliiangalia barua yangu, akaniambia nisogee pembeni nisaini kwamba nimeyakubali masharti. Ule moyo wa zamani ukaja, ukaniambia saini, utauliza baadaye. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu. Nikaiweka chini.

"Samahani, ndugu yangu. Masharti yenyewe ni yapi?"

Karani akasimama, akanieleza kwa upole kabisa. Nafasi ni yangu, lakini nisipoleta cheti halisi cha stashahada kabla ya tarehe waliyoiweka, inafutwa. Mimi nilikuwa nimebeba nakala tu, cheti kimebaki kwenye sanduku la mama. Ningesaini na kwenda zangu, ningefukuzwa muhula haujafika katikati. Nikamshukuru, nikageuka kuondoka, na nikakuta foleni yote ya nyuma yangu imesogea kutuzunguka. Wale vijana waliojiamini walikuwa wameshika barua zao mikononi, wanasikiliza. Mmoja, msichana mrefu aliyevaa vizuri kuliko wote, akaninong'oneza, "Dada, asante. Na mimi ya kwangu imeandikwa hivyo hivyo. Nilikuwa sijui nimwulize nani."

Nilisoma, nikamaliza, nikarudi. Mama Enesia nilimkuta amehamia shamba jingine, akapanda mbegu safi, isiyo na ugonjwa, niliyomletea, na viazi vikasimama. Mzee wangu wa Njombe aliishi kuyaona hayo, ashukuriwe Mungu.

Basi, mwanangu, maneno yenu ya leo ni mengi kuliko yetu, na mnayasomea kwenye simu, peke yenu, kila mtu na kioo chake. Jirani yetu hapa mwaka jana, binti mwenye akili, alichaguliwa vyuo viwili. Akaambiwa athibitishe. Akadhani ni salamu tu za pongezi, akakaa akifurahi, siku zikapita, vyuo vyote viwili vikampa mtu mwingine. Ilibidi aombe upya awamu iliyofuata, kozi aliyoitaka ikiwa imejaa. Kuthibitisha maana yake ni kusema: nimekichagua hiki, vingine naviacha. Usipolisema kwa muda uliowekwa, umejitoa mwenyewe.

Usichanganye astashahada, stashahada na shahada kwa sababu zinafanana masikioni. Ya kwanza ni cheti, ya pili iko juu yake, na ya tatu ndiyo ya chuo kikuu. Ukisoma neno mkopo, ujue utarudishwa. Haufanani na ufadhili. Ukisikia dirisha la maombi limefunguliwa, ni muda huo, una mwanzo na mwisho, usingoje siku ya mwisho mtandao ukusumbue. Na kwenye kila sentensi ya masharti tafuta yale maneno madogo: au, na, isipokuwa, kabla ya. Watu wengi wameumizwa na hayo kuliko na yale marefu.

Zaidi ya yote, uliza. Muulize mwalimu wako, mpigie simu mhusika wa chuo, njoo hata hapa kwangu, chai ipo. Nami nisipojua tutamtafuta anayejua, tuongozane. Anayekucheka atacheka siku moja tu. Wewe utabaki na jibu maisha yako yote.

Mungu wa baba zetu akutangulie, mwanangu. Akupe macho ya kusoma mstari mpaka mwisho wake na moyo usioona haya kusema sijui. Nafasi iliyo yako isikupite ukiwa umesimama mbele yake. Uende salama, usome, na urudi kwa watu wako ukiwa na jibu mkononi. Amina.