"Knock off" Imeniaibisha

Naona aibu kusema, lakini nitasema, maana wanajumuiya wenzangu wa kanisani hapa Sumbawanga wameshaieneza habari hii wanavyotaka wao, na nimechoka kuchekwa na watu ambao siku ile walilia kunishinda.

Tulikuwa tunamsubiri Chanda, mchumba wa binti yangu Devota, aje kujitambulisha. Ni Mzambia, anafanya kazi mpakani, ng'ambo ya Kasesya, Kiswahili chake cha kuokoteza, kwa hiyo huniandikia Kiingereza. Mchana kuku wako jikoni, kina mama wamejaa uani, simu ikalia: "Mum, I have just knocked off. Coming now."

"Mama, lete nisome," Devota akasema.

Nikakataa! (Miezi yote hii nasoma Kiingereza darasa la jioni, halafu nisomewe na mtoto niliyemzaa?) "Knock" mwalimu alitufundisha ni kugonga, "off" naiona kwenye swichi kila siku, ni kuzima. Basi, kijana kagonga mtu, mtu kazimika, na yeye anakimbilia kwangu!

Nikapiga yowe, simu nimeibana kifuani: "Chanda kaua mtu!" Kina mama wakapiga magoti na rozari kumwombea marehemu ambaye hata jina hatumjui, Devota anapiga simu haipatikani, na shemeji yangu, msemaji wa familia, akasimama: "Muuaji haoi hapa! Uchumba umeisha!"

Jioni Chanda akashuka kwenye bodaboda, shati jeupe, kabeba kreti ya soda.

"Shikamoo, Mama."

Shemeji akamkamata kola. "Maiti umemwacha wapi?"

Mtoto wa watu akaitazama kreti yake. "Maiti… ni soda gani?"

Nikamsukumia simu usoni. Devota akachungulia, machozi bado yanamtoka, akaanza kucheka. "Mama! Ametoka kazini! 'Knock off' ni kumaliza kazi!"

Kumaliza kazi! Sasa hapo kagongwa nani? Kimezimwa nini? Kesho yake nikamuuliza mwalimu, eti, "Hayo ni ya kukariri tu, mama." Si angesema mapema!

Nilimwomba Chanda msamaha mbele ya wote, maana kumsingizia mtu kuua ni dhambi, na shemeji akatangaza uchumba uko palepale huku anatafuna kuku walioungua. Nimeapa, ujumbe wa Kiingereza atasoma Devota. Kiingereza chenyewe sijakisamehe.

Siku hizi Chanda ananiandikia Kiswahili kila jioni: "Mama, nimetoka kazini. Sijagonga mtu."