Pua ya Baba na Chai za Mzee Lin

Mtu akivuta chai kwa sauti karibu yangu, ile fyuuu ndefu ya chai na hewa pamoja, wenzangu kazini humgeukia wakamtupia jicho. Mimi hugeuka nikimtafuta baba yangu. Sauti hiyo nimekua nayo. Kabla hatujaja Sweden, Baba alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha chai huko milimani Burundi, na mwonjaji hanywi chai kama mimi na wewe. Huivuta kwa nguvu hadi harufu impande puani, akaizungusha mdomoni, kisha akaitema kwenye ndoo. Kwenye nyumba yetu ya Hallunda, pembezoni mwa Stockholm, Mama alikataa katakata mambo ya ndoo, kwa hiyo Baba aliimeza. Kuvuta ndiko hakuacha. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba watoto wenye adabu hawanywi kwa kelele, nami nikirudi nyumbani namkuta mtu mzima mwenye suti ya kanisani anavuta mpaka paka wa jirani anashtuka.

Huku Stockholm Baba alisafisha mabehewa ya treni. Hakuwahi kuisema vibaya kazi ile, ila hakuwahi kuizungumza pia. Kisha mtu mmoja wa kanisani akamletea habari kwamba kampuni moja ya mjini, inayoagiza chai kutoka nje, inatafuta mtu anayezijua chai za kwetu. Wakamwita akaonje mbele yao wiki ya likizo ya Pasaka. Mama, mtu wa Uvira, Kongo, asiyejua kuficha furaha, akaanza kuimba jikoni tangu asubuhi. Baba akaitoa suti, akaipiga pasi, akairudisha kabatini, kesho yake akaitoa tena. Nilikuwa na miaka kumi, na hata mimi nilielewa kwamba baba yangu alikuwa amepata njia ya kurudi kuwa yeye.

Lakini kabla ya Pasaka hiyo, baridi ikiwa bado kali, Baba akateleza kwenye barafu nje ya kituo cha treni, akaanguka chali, kisogo kikagonga chini. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa theluji, akaja nyumbani analalamikia kichwa tu. Hakuna aliyetia maanani. Huku kila mtu anateleza.

Siku moja mimi na Mama tulikuwa tumetoka Skärholmen kununua vitu, tukakuta ngazi za jengo zima zinanuka maharage yaliyoungua. Kufungua mlango, Baba yuko mezani ametulia, amelipa mgongo jiko, anasoma gazeti. Nyuma yake sufuria imekuwa mkaa. King'ora cha moshi kilikuwa bubu, maana Mama mwenyewe alikitoa betri kwa sababu kilimpigia kelele kila alipokaanga mandazi. Alizima jiko, akasimama anamtazama mumewe.

"Baba Neema, husikii harufu?"

Baba alikunja gazeti taratibu. "Tangu nianguke," akasema.

Tulikwenda kwa daktari, wote watatu, na mimi ndiye niliyetafsiri, kwa sababu Kiswidi cha Baba kilikuwa cha ndoo na mifagio. Daktari alisema mtu akigonga kisogo, nyuzi nyembamba za kunusia zinaweza kukatika. Pengine zitaunga, pengine hazitaunga. Dawa hakuna, ni kungoja. Nililigeuza neno hilo kwa Kiswahili, tungoje, nikamwona Mama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Siku ile ndiyo niliyojua kwamba unaweza kukijua Kiswidi chote na bado kisikusaidie kitu.

Mzee Lin aliishi ghorofa ya juu yetu, kwa binti yake Mei. Alitoka Fujian, huko Uchina, ambako jamaa zake wamelima chai tangu enzi za mababu. Yeye na Baba walijuana kwenye tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo zima, ambako kila familia ina zamu yake na manung'uniko yake. Baba alikuwa ameshuka na kikombe chake, akakivuta kama kawaida yake. Mzee Lin akaacha kukunja shuka. Huko kwao pia wajuzi wa chai huivuta kwa sauti. Tangu hapo wakawa marafiki, mmoja na Kiswidi cha kuokoteza, mwingine na cha mifagio, na mimi katikati nikiwaunganishia maneno.

Aliposikia habari ya pua, hakusema pole. Jumapili iliyofuata, tuliporudi kanisani, tulimkuta mlangoni na kopo la bati kifuani. Alianza na chai ya kijani, ya majani ya kwanza ya mwaka, ambayo kwao hunywewa wakati wa joto ili kuupoza mwili. Baba akainama juu ya kikombe, akafumba macho. Hakuna kitu. Jumapili nyingine ikaja ya yasmini, ya kukaribishia wageni. Hiyo Mama aliiteka nyara jikoni, akaichemsha na maziwa, tangawizi na sukari, akammiminia Mzee Lin kikombe cha kufurika. Mzee wa watu aliitazama chai yake ya maua imegeuka rangi ya matope, akanywa hadi tone la mwisho, akashukuru. Nilicheka mpaka nikafinywa.

Zikafuata nyingine. Puer, iliyogandamizwa ikawa duara gumu kama kibao cha chapati, ya kunywa baada ya nyama za mafuta. Chai nyeupe iliyokaa miaka mingi kabatini, ya aina ambayo mama yake Mzee Lin alimchemshia utotoni alipokuwa na surua. Maua makavu ya manjano ya kutuliza macho. Chai nyekundu iliyolazwa na waridi, kisha waridi likapepetwa likatolewa, ikabaki harufu yake tu; hiyo huwapa watu wenye unyonge. Kila kopo likifunguliwa nyumba ilijaa harufu, nasi tukamkodolea Baba macho. Kila mara alifumba macho, akavuta, akangoja. Mama aliacha kuimba.

Jumapili moja kabla ya Pasaka Mzee Lin alimimina bila kusema ni chai gani. Ilikuwa nyekundu, rangi ile ile ya ile ya waridi, lakini jikoni palitanda harufu ya moshi. Mama alikimbilia jiko akidhani ameunguza kitu. Huko Fujian huikausha juu ya moto wa misonobari, na harufu yake ni ya kuni zilizozimwa maji. Mtu mwenye mafua makali angeisikia.

Baba akavuta, akamtazama Mzee Lin, akatabasamu.

"Waridi," akasema. "Mwambie inarudi kidogo kidogo. Leo nimelisikia waridi."

Mama alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Mzee Lin alinigeukia, anangoja. Ningefanya nini? Mtoto hamsahihishi baba yake mbele ya mgeni, tena mgeni mwenye umri ule. Nikalitafsiri neno kama lilivyotoka. Mzee Lin alikitazama kikombe kwa muda. Kisha akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo," akasema kwa Kiswidi chake, "waridi. Vizuri." Wakanywa.

Likizo ilipofika nilimsindikiza Baba mjini kumtafsiria. Bwana wa kampuni alikuwa mtu mpole, amepanga vikombe vyeupe mezani. Baba alivuta, akatema, akasogelea kingine. Jicho na ulimi vilikuwa vizima bado. Hii, akaniambia niseme, imechumwa wakati wa mvua nyingi, hii majani yake yaliharakishwa kunyauka. Bwana yule alicheka kwa raha, akasema hajamwona mtu kama huyu. Alipomaliza akafungua kopo dogo, si la mtihani, ila tu furaha ya mtu apendaye chai, akamsogezea Baba puani. "Sikia hii ilivyo," akasema.

Ilikuwa inatosha kusema nzuri. Niliomba kimoyomoyo aseme nzuri.

Baba alishika kopo, hakuvuta. "Mwambie sisikii kitu, mama," akaniambia kwa upole. "Mwambie nilianguka, pua imekufa."

Nikamwambia. Bwana yule aligeuka mwekundu usoni, akalifunga kopo, akapeana mkono na Baba kwa muda mrefu. Kazi Baba hakuipata. Kwenye treni alilegeza tai, akaniuliza kama nina njaa, nikasema sina, na nilikuwa nayo. Mama alitufungulia mlango, akatutazama, akaenda kupakua chakula.

Pua haikurudi. Mzee Lin aliendelea kuja na makopo yake kila Jumapili mpaka aliporejea kwao, na Baba aliendelea kumwambia leo nimesikia hiki, leo kile. Nami nikaendelea kutafsiri, nikiwa na siri iliyonielemea miaka yote ile, kwamba baba yangu anamdanganya mzee wa watu.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nilipokutana na Mei, akanieleza. Baba yake alijua. Ile chai ya moshi aliileta makusudi, apate kuhakikisha. Jioni ile alikaa kitandani hakula, akamwambia Mei kwamba rafiki yake hatanusa tena, naye hana kitu kingine cha kumpelekea. Jumapili iliyofuata akashuka na kopo jipya.

Nilimpigia Baba simu nikamsimulia. "Nilimwona alivyokitazama kikombe," akasema. "Lakini kumwambia ukweli ni kumwambia aache kuja. Ningemwambiaje?"

Nilidhani niliwekwa pale katikati ili niwaelewanishe. Kumbe walikuwa wameelewana tangu siku ile ya moshi, kila mmoja anamhurumia mwenzake, na hakuna hata mmoja wetu mezani aliyekuwa na la kufanya.