Kilima Ambacho Hakikuwepo Waithaka

Ni saa moja kasoro asubuhi, Jumamosi. Joash Ambundo amechuchumaa kando ya mto nyuma ya Waithaka, mkononi ameshika mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani yake. Ni ule mpira wa mafundi wa ujenzi, wa kupimia usawa wa msingi. Kwa kawaida hushikwa na watu wawili, mmoja huku na mwingine kule. Joash yuko peke yake. Ncha ya pili ameifunga kwenye kijiti. Anatembea hatua ishirini kwenda kuisoma, anarudi hatua ishirini kuandika.

Mwanamke anapita na ndoo, anasimama kidogo.

"Sasa Nuhu! Leo tuanike nguo ama tungoje safina?"

"Anikeni tu, mama," anajibu bila kuinua kichwa.

Mwanamke anacheka, anaenda zake. Hadi saa nne hakuna mwingine anayemsemesha.

Joash, 36, ni mchoraji katika duka la kuchapisha michoro ya majengo, ghorofa ya tatu, karibu na Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji. Analipwa shilingi elfu kumi na tatu kwa mwezi. Mkewe Jacklyne na watoto wawili wako Vihiga. Huonana Desemba, na Agosti mambo yakiwa mazuri.

Wenzake wakishuka kula chakula cha mchana, yeye hubaki na kompyuta. Mwaka 2007 alipata programu ya ramani ambayo haiuzwi. Watu wa nchi mbalimbali waliiandika wakaiacha wazi, anayetaka aitumie, anayeweza airekebishe. Kuipakua katika saiba, duka la intaneti pale Dagoretti Corner, kulimchukua Jumamosi mbili.

"Mwenye saiba alifikiri naiba kitu," anasema Joash. "Nikamwambia ni ya bure. Akaniuliza, ya bure na inakaa Jumamosi mbili?"

Ukiipa programu hiyo urefu wa ardhi na wingi wa mvua, inapaka rangi ya buluu pale maji ya mto yatakapofika. Vipimo vya urefu navyo alivipata bure. Vilichukuliwa kutoka angani, juu kabisa, dunia nzima.

Mwajiri wake, Mungai, hakuona faida. "Nilimwambia, hiyo kitu haina mteja. Lakini sikumkataza. Karatasi za kutupwa nilimwachia, zile za kukata pembeni."

Machi mwaka jana ramani ilikamilika. Joash akazunguka nayo ploti kwa ploti. Kwa Njambi Karanja, mjane anayefuga kuku, alikuwa na habari njema. Ramani ilionyesha kilima kati ya boma lake na mto. Maji hayangepita.

"Alisimama pale langoni akaniambia, 'Mama, wewe lala,'" anakumbuka Njambi. "Neno lilikuwa hilo. Wewe lala."

Njambi alikuwa amepanga kuwapeleka kuku kwa dada yake Waringa, juu karibu na barabara. Akawaacha.

Jumapili moja ya Aprili, saa tisa mchana, mto ulipanda. Kuku mia moja na arobaini walikufa wakiwa ndani ya banda. Cherehani, godoro na nguo za shule vilichukuliwa na tope. Nyumba kumi na moja zilizo nyuma ya boma lake nazo ziliingiwa na maji. Hakuna aliyekufa. Siku hiyo kanisani kulikuwa na harambee na watu wengi walikuwa hawajarudi.

Ilimchukua Joash wiki tatu kuona kosa. Kati ya Njambi na mto kuna ekari tatu za mikaratusi, iliyopandwa na marehemu mumewe. Mtambo wa angani haukuona ardhi hapo. Uliona vichwa vya miti, na kompyuta ikadhani ni mlima.

"Na mimi napita chini ya hiyo miti kila siku nikienda kazini," anasema Joash. "Kivuli chake nakijua. Nikaamini kompyuta."

Tangu Agosti amekuwa akipima ardhi upya kwa mpira, kila Jumamosi na kila Jumapili. Amefikisha vipimo mia nne na kumi na mbili. Jioni hupika ugali wa mtu mmoja, huweka redio, na kuhamisha namba kutoka daftari la rafu kwenda la safi. Majirani wa ploti yake humsalimia wakiwa wanaendelea na safari. Wengine waliambiwa na ramani ile ile kwamba wako salama, na kweli walikuwa salama, lakini hawataki kuonekana wakisimama naye.

Hadi Machi hii sehemu moja ya ramani ilikuwa bado nyeupe. Ni boma la Njambi, mahali hasa maji yalipopita mwaka jana. Bila vipimo vya hapo, Joash hangeweza kuziambia nyumba kumi na moja za nyuma lolote la kuaminika. Kabla ya mvua za Aprili zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Njambi alikuwa amemfukuza Januari. "Nilimwambia, toka hapa na hiyo nyoka yako ya plastiki."

Ukimsikiliza vizuri, si kuku waliomkasirisha zaidi.

"Kukosea ni kukosea. Lakini watu walikuja hapa kunipa pole. Hata wale hatuongei. Mmoja alileta unga, mwingine majani chai, mwingine alikaa tu akanyamaza. Huyu hakuja. Miezi tisa, namwona akipita na kichwa chini. Halafu siku anakuja, anataka kupima!"

Joash habishi. "Nilisema nipate jibu kwanza, ndiyo niende. Nisiende mikono mitupu. Jibu likachelewa, na kila wiki kwenda kukawa kugumu kuliko wiki iliyopita."

Jumapili iliyopita alienda. Mpira aliuacha chumbani. Alibeba sukari kilo mbili.

"Umekuja kupima?" Njambi alimuuliza kutoka ndani ya lango.

"Hapana, mama. Nimekuja kusema pole."

"Ya mwaka jana?"

"Ya mwaka jana."

Njambi alimwonyesha kigoda. Walikaa karibu saa nzima, Njambi akichagua maharagwe, Joash akitazama ukuta ambao alama ya tope bado haijatoka. Alipoinuka kuondoka, Njambi alimwambia aje Jumanne, kwa sharti moja.

"Hiyo karatasi ukiibandika, uandike jina lako chini, na ploti unakaa. Ukikosea tena, nijue mlango wa kugonga."

Joash aliomba siku moja kazini, ikakatwa kwenye mshahara. Kufikia adhuhuri ile Jumanne alikuwa na jibu. Hakuna mwinuko wowote chini ya mikaratusi. Jikoni kwa Njambi ni chini kuliko ukingo wa mto. Boma lote ni buluu, na nyumba zote kumi na moja.

Kesho yake Njambi aliwahamisha kuku wake wapya, sitini, hadi kwa Waringa. Ramani imebandikwa kanisani na kwenye duka la unga, na chini yake, kwa herufi kubwa, kuna jina la Joash na namba ya chumba chake. Familia nne kati ya zile kumi na moja zimeanza kutafuta pa kuhamia kwa muda. Saba bado zinafikiri, na Joash anapanga kuzipitia moja moja, jioni, akitoka kazini. Jumamosi bado anarudi mtoni kuhakiki vipimo vyake.

Lakini akiulizwa anachoomba mvua zikianza, anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Naomba niwe nimekosea," anasema. "Maji yasifike popote. Waje wote mlangoni wanigombeze kwamba niliwahamisha bure. Nina kiti kimoja tu, lakini siku hiyo vingine nitaazima."