Mshiriki wa Kumi na Nne

Idarani walimwita Masikio, na usidhani ni kwa sababu ana masikio makubwa. Masikio yake ni ya kawaida kabisa, tena la kushoto limeshaanza kuchoka. Jina alipewa kwa kazi yake. Watafiti wakirudi kutoka huko walikokwenda, vinasa sauti vyao vimejaa maneno ya watu, humletea yeye. Yeye huvaa hedifoni, huweka mguu kwenye kanyagio chini ya meza, akikanyaga sauti inakwenda, akiinua mguu sauti inasimama, na vidole vinaandika kila kilichosemwa. Kila kilichosemwa, nakwambia! Mtu akisema "aah", anaandika "aah". Mtu akinyamaza, anaandika kanyamaza sekunde ngapi. Akilia, anaandika kwenye mabano kwamba analia, kisha anaendelea.

Miaka kumi na moja alifanya kazi hiyo, hakuongeza neno wala kupunguza, na tabia ikamtoka ofisini ikamfuata nyumbani. Shoga yake akimuuliza, "Hili gauni limenikaa?" anamjibu, "Halijakukaa." Mumewe naye alishajifunza. Kabla hajamuuliza mkewe swali lolote, anajiuliza kwanza kama kweli jibu analitaka.

Mwaka huo ulikuja utafiti uliowakusanya wasomi wanne kwenye meza moja, chumba kimoja, dirisha moja lisilofunguka. Alikuwepo mama wa saikolojia, mpole, mwenye tabia ya kujibu swali kwa swali. Alikuwepo bwana wa sosholojia, ambaye hata umwambie umefiwa atasema, "Hii inavutia sana." Alikuwepo daktari wa maadili ya tiba, aliyeacha sindano siku nyingi akashika fomu. Na wa nne alikuwa mwalimu wa Kilatini, koti lake limejaa vumbi la chaki, na hakuna aliyejua anafanya nini pale mpaka alipoeleza. Kumbe Warumi nao waliandikiana barua za kufarijiana wakati wa msiba, miaka elfu mbili iliyopita, na walihangaishwa na jambo lilelile walilokuwa wakilitafiti hawa: mtu anakufa, je, aambiwe au asiambiwe?

Basi wakaenda kwenye hospitali za miji kadhaa, wakatafuta familia zilizowahi kumficha mgonjwa hali yake, wakazihoji. Watu arobaini. Majina yakaondolewa, kila mmoja akawa namba: Mshiriki wa Kwanza, Mshiriki wa Pili, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Sasa, kulikuwa na kiapo. Kila anayeandika mahojiano huapa kwamba siku atakapoitambua sauti ya mtu anayemjua, atasimamisha papo hapo, atavua hedifoni, atajaza fomu, na kazi apewe mwenzake. Masikio alikuwa ameapa mara nyingi, kwa kila utafiti, kama mtu anayesaini daftari la mahudhurio. Sauti anayoijua haikuwahi kumfikia.

Ikamfikia Jumanne, asubuhi kweupe, chai yake haijapoa.

Mshiriki wa Kumi na Nne alianza kwa kujikohoza, kisha akasema, "Sasa mimi nikasemaje?" Vidole vya Masikio vikaandika. Mwanamke akaendelea kueleza jinsi mama yake alivyolazwa, jinsi daktari alivyomwita pembeni, na kila baada ya maneno mawili matatu, "sasa mimi nikasemaje". Masikio akaibana hedifoni masikioni. Halafu yule mwanamke akasema, "Mdogo wangu sikumwita hospitali, na sababu ni kwamba yeye—"

Mguu ukainuka. Haukumuuliza. Miaka kumi na moja ya kiapo ilikuwa imeingia mpaka kwenye kifundo cha mguu. Sauti ikakatika papo hapo, na Masikio akabaki anaitazama skrini, akisoma neno la mwisho alilolipata: yeye.

Yule alikuwa dada yake, na mdogo ndiye yeye mwenyewe!

Miaka minne iliyopita mama yao alilazwa huko mji wa pili, alikokuwa akikaa na dada. Siku nane dada alipiga simu akisema, "Vipimo tu, usijisumbue kuja." Siku ya tisa akapiga akisema mama hayupo. Masikio alikwenda kuzika, akatia mchanga kaburini, akarudi, na tangu siku hiyo hajampigia dada yake wala dada hajampigia. Aliapa moyoni kwamba hatamuuliza kitu. Mwenye makosa ndiye aje aeleze, au vipi? Hivyo ndivyo alivyojiambia kwa miaka minne. Sasa maelezo yalikuwa mezani kwake, kwenye kifaa kidogo kisichofika hata ukubwa wa kiganja, na haruhusiwi kukanyaga.

Akavua hedifoni. Akajaza fomu. Kisha akaenda kwa daktari wa maadili.

"Daktari, naomba nisikie sentensi moja tu. Hata nusu. Nusu nyingine ninayo."

Daktari akamsikiliza vizuri, hilo tusimnyime. Kisha akasema, "Inawezekana, mhusika akikubali."

"Basi muulizeni."

"Hatuwezi. Tukimuuliza atajua kwamba umemtambua. Na sisi tulimwahidi kwamba hatatambulika."

"Lakini nimeshamtambua!"

"Ndiyo maana hatuwezi kumuuliza."

Masikio akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alitoka pale, akaingia kwa mama wa saikolojia, akaeleza yote tangu mwanzo.

"Na wewe unahisi nini?" mama wa saikolojia akauliza.

"Nahisi nataka kusikia."

"Na kutaka kusikia kunakufanya uhisi nini?"

"Kunanifanya nihisi nataka kusikia, mama!"

Bwana wa sosholojia ndiye aliyemmaliza kabisa. Alisema, "Hii inavutia sana," akachukua kalamu, akamuuliza kama angekubali kuhojiwa. Akaongeza kwamba angepewa namba yake mwenyewe, Mshiriki wa Arobaini na Moja. Masikio akaondoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote wa jengo lile.

Mwalimu wa Kilatini alimkuta ngazini amekaa. Hakuwa na la kumshauri, akaanza kulalamikia yake. Barua anazozisoma, alisema, nyingi ni nusu. Nyingine zililiwa na wadudu, nyingine ziliungua, nyingine mtu aliyezinakili alisinzia akaruka mstari. Kuna barua moja ya baba aliyefiwa na binti yake, inafika mahali anaposema, "Sikumwambia, kwa kuwa," halafu basi, ukurasa umechanika. Mwalimu ameishika barua hiyo miaka ishirini na sita.

"Na ile nusu nyingine hutaipata?" Masikio akauliza.

"Siipati ng'o."

"Ila umeshazoea."

"Nani kakwambia nimezoea? Inanikera kila siku ya Mungu. Wangekuwa hai ningewapigia simu usiku na mchana mpaka wanitukane."

Wakakaa pale, kila mtu na hasira zake, na hiyo ndiyo nafuu pekee aliyoipata Masikio wiki ile.

Kazi ya Mshiriki wa Kumi na Nne akapewa mwandishi wa chumba cha pili, bwana mmoja waliyemwita Kidole kwa kuwa huandika kwa kidole kimoja tu. Jamani, kati ya watu wote! Ukuta kati ya vyumba ulikuwa wa mbao nyembamba. Masikio aliketi akamsikiliza anavyoandika: ko. Kimya. Ko. Kimya. Ko, ko. Mahojiano ya dakika hamsini yalimchukua siku tisa. Kuna siku Masikio alisikia kidole kimesimama muda mrefu, akajiambia hapo ndipo, sasa hivi anasikia, mtu baki kabisa, asiyemjua mama yangu hata kwa picha, anaambiwa kwa nini mimi sikuitwa. Hasira zilimpanda mpaka akatoka nje kutembea.

Kwenye chai Kidole alikoroga kikombe chake bila kuinua macho.

"Mwenzangu, usinitazame hivyo," akasema mwishowe. "Na mimi nimeapa."

"Sijakuuliza kitu."

"Macho yako yananiuliza tangu Jumatatu."

"Niambie tu, ni jambo baya?"

Kidole akasimama, akaacha chai yake nzima mezani, akaenda zake. Hebu niambie, ni jibu gani hilo! Masikio alilibeba mpaka nyumbani, akaunguza chakula, mumewe akala bila kuuliza.

Likabaki tumaini moja. Ripoti ikikamilika, yeye ndiye huipitia yote kusahihisha kabla haijachapwa, na ripoti huwa na maneno ya washiriki wenyewe. Hapo hakuna kiapo kinachovunjwa. Ni kazi yake, analipwa kwayo. Akasubiri wiki saba. Ilipokuja hakuanza mwanzo. Alifungua moja kwa moja kutafuta namba kumi na nne, akaikuta ukurasa wa sitini na tatu, katikati kabisa:

"Mdogo wangu sikumwita hospitali, na sababu ni kwamba yeye [...]. Mama nilimwambia Jumamosi tunakwenda nyumbani."

Nukta tatu. Kwenye mabano. Ndani ya mabano yale ndimo alimokuwamo yeye.

Alipanda ngazi mbili mbili. "Nani kakata hapa?"

Bwana wa sosholojia akavaa miwani, akasoma. "Ah, hapo nilikata mimi. Yalikuwa mambo ya ndugu tu, hayakuhusu mada."

"Mambo ya ndugu tu!"

"Nafasi ilikuwa ndogo," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuona kitu cha kuvutia.

Masikio alirudi mezani kwake, akaketi. Miezi miwili mizima alikuwa amepigwa danadana kutoka mlango hadi mlango, akiwaomba wasomi watatu na kidole kimoja wamwambie jambo ambalo mwenye kulijua yupo, mzima wa afya, saa nne tu kwa basi. Swali lenyewe halihitaji kinasa sauti. Angeweza kuliuliza siku ile ile ya maziko, mbele ya watu wote, na hakuna kiapo kingemzuia. Kilichomzuia kilikuwa kiburi chake, na alipoliona hilo alikasirika zaidi, kwani sasa hakuwa na wa kumlaumu. Akaomba ruhusa ya Ijumaa.

Dada yake ni fundi cherehani. Alifungua mlango akiwa na pini mbili mdomoni na kipimo shingoni, akamwona mdogo wake, akazitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mkono wa blauzi. Alikuwa amekonda. Mvi zilimjaa utosini.

"Shikamoo dada," Masikio akasema.

"Marahaba."

Wakatazamana. Masikio alikuwa amepanga maneno njia nzima, yote yakayeyuka, likabaki moja.

"Kwa nini hukuniita?"

Dada hakujifanya hajaelewa. "Leo ndiyo unauliza? Miaka minne! Nani kakutuma?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi kuniambia." Dada akacheka kwa uchungu, akajikohoza. "Ndiyo wewe huyo. Hata kunidanganya kwamba ulikuwa unapita tu, hukuweza. Sasa mimi nikasemaje? Daktari aliniambia mama hafiki wiki. Nikaingia chumbani, ananitazama, anauliza tunakwenda lini nyumbani. Nikamwambia Jumamosi. Akafurahi. Akaanza kupanga nani atamwagilia mboga zake. Siku nane nilimwambia Jumamosi, Jumamosi yenyewe ilipofika nikamwambia ijayo, na siku nane alikula, alicheka, alilala vizuri. Wewe ungekuja. Ungekaa kitandani pale, angekuuliza, 'Mwanangu, mimi ninapona?' Na wewe ungemwambia. Neno kwa neno, kama ulivyoambiwa na daktari. Nilikuogopa. Sikukuchukia hata siku moja. Nilikuogopa tu."

Masikio akafungua mdomo kukataa, akaufunga, maana alijiona: ameketi kando ya kitanda, mkono wa mama uko mkononi mwake, anamwambia ukweli wote bila kupunguza hata "aah". Alijiona wazi kabisa. Na siku nane zile mama asingezipata.

"Haya, sema," dada akasema. "Nimekaa na hili miaka minne, kila siku najiuliza kama nilikunyima mama yako bure. Mama angekuuliza, ungemwambia au usingemwambia?"

Mtaani mtu alipita na baiskeli akasalimia, hakuna aliyemjibu. Masikio alimtazama dada yake, mvi zile, macho yale yaliyokuwa yakisubiri, akayatafuta maneno ambayo hakuwahi kuyatoa kinywani mwake tangu aijue kazi yake.

"Ningemwambia Jumamosi," akasema. "Na mimi ningemwambia Jumamosi."

Ukimya ule haukuandikwa popote, lakini ulikuwa mrefu.

"Muongo mkubwa wewe," dada akasema, machozi yanamtoka, akasogea kando ya mlango. "Ingia. Angalia pini usizikanyage."